Nani Asimame Penye Mizani? Watu wa Kazi na Matajiri wao katika Vinu vya Pamba vya Simiyu



Kila mwaka ufikapo mwezi wa Mei, msimu wa kununua pamba unapofunguliwa, mji wetu wa Bariadi hubadilika sura. Malori yaliyojaa pamba hupita yakidondosha nyuzi nyeupe kandokando ya barabara, na baada ya wiki chache vinu vya kuchambulia huanza kuvuma usiku na mchana. Hapo ndipo vijana wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na wengine watokao mbali zaidi, hukusanyika malangoni mwa vinu kutafuta kibarua. Wamo miongoni mwao waliosoma kwetu chuoni. Twawajua kwa majina ya baba zao, na habari za kazi yao hutufikia mapema kuliko zinavyowafikia wakubwa, kwa maana kijana akishaswali Ijumaa hukaa kitako barazani akasema yaliyo moyoni mwake.

Kutokana na mazungumzo hayo ya barazani tumeona jambo moja ambalo lafaa kuandikwa. Karibu kila kijana ajua kwamba Tanzania kuna vyama vya wafanyakazi. Amevisikia redioni siku ya Mei Mosi. Amewaona watu wakiandamana na mabango. Walakini ukimwuliza, "Katika kinu chenu, ni nani akusemeaye kwa tajiri?" hukutazama kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Anajua jina la chama, hamjui msemaji wake.

Tunaposema tajiri twatumia neno la wazee wetu, yaani mwajiri, awe mtu mmoja, kampuni, chama cha ushirika au kamati. Si neno la kutukana. Matajiri wengine hapa petu wanadaiwa na benki kuliko vibarua wao wanavyodaiwa dukani.

Tutatoa mfano mmoja. Misimu miwili iliyopita kijana wetu mmoja alibanwa mkono na mashine ya kushindilia marobota. Kinu hatutakitaja. Msimamizi hakuwa mtu mbaya. Alimpeleka hospitali kwa gari lake mwenyewe na siku ile ya kwanza akalipa gharama. Kisha akamwambia apumzike nyumbani mpaka apone. Kijana akapumzika siku arubaini na moja bila senti, na aliporudi alikuta nafasi yake ina mtu. Basi fikirini: nchi hii ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliowekwa na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Tajiri ndiye auchangiaye, mtu wa kazi hakatwi kitu. Mfuko huo umewekwa makusudi kwa ajili ya mkono kama ule. Katika kinu kile walikuwamo watu zaidi ya mia moja, wala hakupatikana hata mmoja aliyejua fomu ya kudai fidia inachukuliwa wapi. Sheria ilikuwapo na fedha zilikuwapo. Aliyekosekana ni mtu wa kuyakutanisha mambo hayo mawili.

MTU WA MIZANI

Wasukuma hawakungoja kufundishwa na watu wa Ulaya jinsi ya kusema kwa umoja juu ya kazi. Zamani katika vijiji vya Usukuma vijana walikuwa na kundi lao la kulima na kupalilia, na mkubwa wao akiitwa nsumba ntale. Mwenye shamba aliyetaka mikono hakwenda nyumba kwa nyumba akimbembeleza huyu na kumpunja yule. Alikwenda kwa nsumba ntale, wakaafikiana juu ya kazi na malipo, ndipo vijana wakatoka na majembe yao. Malipo yalikuwa nyama, na mara nyingi pombe (hilo la pombe hatulisifu). Lakini mapatano yalifanywa kabla ya jembe kugusa udongo, na aliyeyafanya alikuwa anajulikana kwa pande zote mbili.

Mfano wa pili ni wa pamba yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Jimbo la Ziwa walinung'unika kwamba wanunuzi wanawaibia katika mizani. Mkulima analeta mzigo aliouchuma yeye na mkewe na wanawe, anaambiwa ni ratili kadhaa, naye hana la kusema kwa kuwa mizani si yake na kuisoma hajui. Wakulima wakafanya jambo la busara sana. Walichanga fedha, wakaajiri wapimaji wao wenyewe, wakawasimamisha kwenye vituo vya kununulia ili wahakiki uzito. Mnunuzi aliendelea kununua kama kawaida, ila sasa palikuwa na macho mawili zaidi. Kutokana na juhudi za namna hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika vya msingi, na mwaka 1955 ukaundwa ule muungano mkubwa ulioitwa Victoria Federation of Co-operative Unions, kiongozi wake akiwa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha wa Tanganyika.

Wazee wetu hapa Bariadi hulitaja jina la Bomani kwa heshima hata leo. Twastaajabu kuona kwamba watoto na wajukuu wa watu hao, waliosimamisha mtu penye mizani ya pamba, wao wenyewe huingia ndani ya kinu bila mtu penye mizani ya kazi. Maana saa za kazi nazo hupimwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka saa 45 kwa wiki, na saa tisa kwa siku. Zinazozidi hapo zilipwe mara moja na nusu, na kazi ya usiku iongezewe asilimia 5. Sasa katika kinu kinachokwenda zamu mbili, ya kuanzia alfajiri hadi magharibi na ya magharibi hadi alfajiri, ni nani anayezihesabu saa hizo? Karani wa tajiri peke yake. Huenda ni mwaminifu kabisa. Hata hivyo mnunuzi wa pamba naye huenda alikuwa mwaminifu, na wakulima walisimamisha mpimaji vilevile.

CHAMA KILIVYOTOKA KAZINI KIKAENDA OFISINI

Kuna sababu ya hali hii, na sababu yenyewe ni ya kihistoria. Vyama vya wafanyakazi vya Tanganyika vilizaliwa mahali pa kazi hasa, kwenye jua na makuli. Mwezi wa Septemba 1947 wapagazi wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaifuata reli kuja bara. Wakapata nyongeza, wakaunda chama chao, na mwaka 1948 katibu wake alikuwa Abdulwahid Sykes, ambaye wasomaji wetu wengi wanamjua kwa kazi yake katika siasa za TAA na TANU. Chama kile hakikudumu. Baada ya mgomo wa mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilikivunja. Ndipo mwaka 1955 vyama vingi vikaungana katika Tanganyika Federation of Labour, TFL, na katibu wake mkuu akawa Rashidi Mfaume Kawawa. Tom Mboya wa Kenya alisaidia katika kazi hiyo ya kuviunganisha. Upande wa matajiri nao wakaungana, na chama chao, ambacho leo chaitwa Chama cha Waajiri Tanzania, ATE, kilianza mwaka 1960.

Ilipopatikana Uhuru mambo yakageuka. Mwaka 1962 zilipitishwa sheria za kubana migomo, na mwaka 1964, baada ya maasi ya askari mwezi wa Januari, TFL ilivunjwa na mahali pake pakawekwa chama kimoja cha nchi nzima, NUTA. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa wakati uleule Waziri wa Kazi. Msomaji na atafakari: anayedai na anayeamua wakawa mtu mmoja. Hatusemi hapakuwa na faida. Mwaka huohuo wa 1964 ilitoka sheria iliyowakinga watu na kufukuzwa ovyo, na ikaweka kamati za wafanyakazi makazini. Lakini ada ilikatwa kwenye mshahara kabla mtu hajauona, na viongozi walitoka juu. Watu wakazoea kukiona chama kama ofisi nyingine ya serikali. NUTA ikafuatwa na JUWATA, JUWATA ikafuatwa na OTTU mwaka 1991, kisha vyama vikapata kujitenga kila kimoja na kazi yake, na tangu mwaka 2001 shirikisho lao ni TUCTA. Majina yamebadilika mara nyingi, lakini mazoea hayakufa upesi. Kijana wa leo aliyezaliwa baada ya yote hayo bado hudhani chama ni kitu kinacholetwa na gari kutoka mjini.

Kisheria chama huanzia chini. Watu 20 wanatosha kuunda na kusajili chama cha wafanyakazi. Na kwa kuwa vyama vipo tayari, TUICO kwa watu wa viwanda na biashara, TPAWU kwa watu wa mashamba, hapana haja hata ya kuunda kipya. Kinachotakiwa ni wanachama na wawakilishi ndani ya uzio wa kazi. Sheria ya 2004 ilitaja hesabu kamili: wanachama mmoja hadi tisa, mwakilishi mmoja, 10 hadi 20, wawakilishi watatu, 21 hadi 100, wawakilishi kumi, wakizidi mia, wawakilishi kumi na watano, na miongoni mwao wasiopungua watano wawe wa kuwasemea wanawake kama wanawake wapo kazini. Wawakilishi hao wana haki ya kumsindikiza mwenzao anaposhtakiwa kazini, kuangalia kama sheria inafuatwa, na kupewa muda wa kufanya kazi hiyo bila kukatwa ujira. Ada nayo haikatwi ila kwa fomu aliyoijaza na kuitia sahihi mwanachama mwenyewe.

Chama kikipata zaidi ya nusu ya watu wa kazi, chaweza kumpelekea tajiri taarifa rasmi kwamba kimekuwa msemaji wa wote. Tajiri ana siku 30 za kukutana nacho ili waandikiane mkataba wa kutambuana. Asipokutana nacho, au wasipoafikiana, shauri huenda kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko nako usuluhishi umepewa siku 30. Ikishindikana, Mahakama ya Kazi. Wakishatambuana, sheria yawataka wote wawili wajadiliane kwa nia njema, na tajiri atoe habari zinazohitajika katika majadiliano hayo.

Sasa chukueni karatasi mpige hesabu. Kinu cha Simiyu huanza kuchambua mwezi wa Juni au Julai. Pamba ikiwa nyingi kitakwenda miezi minne au mitano; ikiwa haba, kama ilivyotokea miaka ya karibuni, miwili au mitatu. Watu wamefika lango la kinu, hawajuani. Wiki tatu za kwanza kila mmoja anaogopa. Tuseme wiki ya nne wamekubaliana, wiki ya sita wamepata zaidi ya nusu. Taarifa inapelekwa: siku 30. Hakuna jibu, Tume: siku 30 nyingine. Wakati shauri linaitwa, kinu kimezimwa, marobota yamekwenda Dar es Salaam, na wale waliokuwa zaidi ya nusu wamerudi makwao kulima mahindi. Msimu ujao wanakuja wengine, na hesabu inaanza upya. Haikulazimu tajiri afanye hila yoyote. Amengoja tu.

Tena sheria ile ya 2004 iliwatoa katika kinga ya kuachishwa isivyo haki wale ambao hawajatimiza miezi sita kwa tajiri mmoja. Mtu wa msimu wa miezi mitatu hawezi kuitimiza kwa msimu mmoja. Hata akipewa mkataba, huwa wa siku au wa wiki, na ndiyo maana ulimi wake ni mzito. Tunaposikia wazee wakisema vijana wa leo ni waoga, twaona hawajaitazama kalenda.

WALIMU WA SHULE NA WATU WA VINU

Katika mkoa wetu huuhuu, ambao kwa sehemu kubwa ulikatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, wapo watu wa kazi wenye msemaji kila mahali. Hao ni walimu wa serikali. Chama cha Walimu Tanzania kina mwakilishi katika shule, kina ofisi wilayani, na ada yake ni asilimia 2 ya mshahara. Tajiri wa walimu ni mmoja, serikali, na mwalimu haondoki msimu ukiisha. Kwa hiyo hesabu ile iliyowashinda watu wa vinu kwa walimu haina taabu.

Lakini nguvu ya idadi haitoshi. Mwezi wa Julai 2012 walimu walianza mgomo wa nchi nzima, na baada ya siku chache Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, iliamua kwamba mgomo ule haukufuata sheria, wakarudi darasani. Na wako walimu ambao kwa muda mrefu wamelalamika kwamba asilimia 2 yao hawaioni inakokwenda. Ndiyo sababu kikaja kuzuka chama kingine cha walimu kushindana na kile cha kwanza. Twayataja haya ili kijana wa kinu asidhani kwamba siku chama kitakapoingia lango la kinu shida zimekwisha. Mpimaji wa mizani naye alihitaji kuangaliwa.

Wanaogharimiwa na kukosekana kwa wasemaji ni wengi. Mahali ambapo tajiri na watu wake hawazungumzi, ujira huwa ni ule wa chini uliowekwa na serikali, basi. Amri ya mshahara ya mwaka 2013 iliweka shilingi 115,000 kwa mwezi kwa watu wa viwanda na biashara, na 100,000 kwa watu wa mashamba. Amri iliyofuata ilitoka mwaka 2022 ikaanza Januari 2023: 150,000 na 140,000. Karibu miaka kumi katikati! Bei ya unga haikungoja miaka kumi. Baadaye ikatangazwa nyingine mwaka 2025 ianze Januari 2026. Pale ambapo chama kimetambuliwa kazini mapatano huweza kufunguliwa upya kila baada ya muda mfupi walioafikiana, na kiwango cha serikali kikawa sakafu badala ya dari.

WENZETU WAFANYAVYO

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa njia mbalimbali, na si zote zinatufaa. Ujerumani, tangu sheria ya mwaka 1952, mahali penye watu wa kazi watano au zaidi wanaweza kuchagua baraza lao ambalo tajiri hana budi kulisikiliza juu ya saa za kazi na mambo ya kuachisha watu. Nalo si chama, ni baraza la pale pale kazini. Uswidi watu wa kazi wapatao theluthi mbili ni wanachama, na serikali haiweki kabisa mshahara wa chini. Wanaafikiana wenyewe na matajiri. Ufaransa inashangaza zaidi. Wanachama ni kama mmoja katika kumi, lakini mapatano yaliyofikiwa kwa kazi fulani serikali huyatandaza yawafunge matajiri wote wa kazi ile, na hivyo karibu kila mtu hulindwa na mkataba ambao hakuujadili. Marekani, kwa upande mwingine, kila kiwanda hupigania peke yake, na katika makampuni ya watu binafsi waliobaki chamani ni kama sita katika mia.

Jirani zetu wa Kenya walianza na jambo ambalo twaliona zuri. Mwezi wa Oktoba 1962, kabla hata ya uhuru wao, serikali, matajiri na shirikisho la wafanyakazi walitia sahihi mapatano ya pamoja juu ya namna ya kutambuana na kumaliza magomvi. Waziri wa Kazi akiwa Tom Mboya, yuleyule aliyekuwa amesaidia kuunganisha vyama vya Tanganyika.

Na kwa kuwa vijana wetu wengi, wa kiume na wa kike, siku hizi wanatamani kwenda Arabuni, inafaa wajue kabla ya kupanda ndege. Oman iliruhusu vyama vya wafanyakazi mwaka 2006. Kuwait inavyo tangu miaka ya 1960. Saudia na Falme za Kiarabu hakuna vyama; Saudia wana kamati za kazi katika makampuni makubwa, na kamati hizo ni za raia wao. Qatar ilianza mwaka 2019 kuruhusu kamati za pamoja zinazochaguliwa, ambamo wageni nao humo, na mwaka 2020 ikaondoa ile sharti kwamba mtu hawezi kubadili kazi bila ruhusa ya tajiri wake. Mzazi anayemtuma binti yake kufanya kazi ya nyumbani ng'ambo asidhani kwamba nchi ikiwa ya Kiislamu basi msemaji yupo. Dini yetu imehimiza sana mtu wa kazi alipwe upesi na asilemewe, na wala hatuna haja ya kuyarudia hapa yaliyofundishwa vyuoni. Lakini kuihimiza haki ni jambo moja, na kuwapo mtu wa kwenda kuidai mlangoni ni jambo jingine.

Twarudi Bariadi. Katika njia zote hizo tuonavyo sisi ya Ujerumani ina manufaa, walakini inayokikaribia kinu cha pamba ni ile ya kuafikiana kwa kazi nzima, kabla ya msimu. Wenye vinu si wengi, na wanajuana. Hukutana kila mwaka kuzungumzia bei, mbegu na ushuru. Lau katika mwezi wa Machi au Aprili, kabla mizani haijafunguliwa, chama cha wafanyakazi kingekaa nao kwa pamoja wakaandika mkataba mmoja wa msimu: ujira wa siku, saa za zamu, barakoa za vumbi, nani ataandika habari za ajali, na kwamba kila kinu kitaruhusu wawakilishi wachaguliwe katika wiki ya kwanza. Mkataba huo ungemkuta kibarua langoni, hata kama yeye ni mpya na hamjui mtu. Siku 30 za sheria zingekwisha wakati pamba ingali shambani.

Tajiri atasema, nami nitapata nini? Swali hilo ni la haki, maana vinu vya nchi hii vina uwezo wa kuchambua pamba nyingi kuliko inayolimwa, na kinu kinachokaa bure miezi minane kina gharama vilevile. Bei ya pamba huamuliwa mbali, wala haijali hali ya Bariadi. Lakini kila tajiri mwenye vinu anajua hasara ya msumeno unaoharibiwa na mtu asiyeuzoea, na ya zamu nzima inayosimama kwa saa nne kwa sababu ya ugomvi wa malipo ya juzi. Wako hapa wasimamizi waliotuambia wenyewe kwamba watu wao wazuri wa msimu uliopita hawakurudi, na hawakujua kwa nini. Hapakuwa na mtu wa kuwaambia. Tajiri mwenye wawakilishi wanaojulikana angeambiwa mwezi wa Agosti, asingegundua mwezi wa Juni wa mwaka unaofuata.

Na vumbi lile la pamba tusilisahau. Wavutao vumbi hilo msimu baada ya msimu hupata ugonjwa wa kifua kubana, hasa siku ya kwanza ya kurudi kazini baada ya mapumziko, na madaktari wameujua tangu zamani katika viwanda vya nguo vya Uingereza. Kijana hudhani ni mafua. Kibarua mmoja akiomba barakoa huambiwa anadeka. Wawakilishi kumi wakiomba kwa barua, barua hiyo huwekwa faili.

Limebaki neno kwa wenye nyumba na kamati zetu. Nyumba iliyo na mtumishi wa kike ni mahali pa kazi, na bwana na bibi wa nyumba ni matajiri mbele ya sheria. Amri ya mwaka 2022 ilimtaja pia mtumishi wa ndani alalaye kwa tajiri wake, akawekewa shilingi 60,000 kwa mwezi zisipungue, na chama chake kipo, CHODAWU. Kadhalika kamati ya msikiti inayomlipa mwadhini, mlinzi au mwalimu wa chuo. Sisi walimu wa vyuo tumezoea kulipwa kwa kapu la mchele na dua, hatunung'uniki. Lakini mlinzi wa msikiti alalaye nje usiku kucha ni mtu wa kazi kama wa kinu, ana saa zake, na mkataba wake unapaswa kuandikwa. Kamati nyingi hazina hata daftari la mahudhurio yake. Daftari la kurasa mia moja linauzwa sokoni Bariadi, na mweka hazina anaweza kulianza mwezi huu.